Masafa ya mwigizaji: Nani alisafiri mbali zaidi katika ‘Game of Thrones’?

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniudhi majuzi, kisha hasira zilipotulia nikagundua kwamba nina deni lake. Tulikuwa darasani tukijadili tofauti iliyopo baina ya mhusika na mwigizaji, mambo mawili ambayo watazamaji wengi huyachanganya kama mahindi na maharagwe ya githeri. Nikatoa mfano wa tamthilia ya runinga ya ‘Game of Thrones’, nikijua fika kwamba vijana wengi wameitazama, baadhi yao zaidi ya mara moja. Kijana akainua mkono.

“Prof, tusidanganyane. Yule Kit Harington aliyeigiza Jon Snow hana renji. Uso wake ni ule ule mwanzo hadi mwisho. Ukizima sauti huwezi kujua kama jamaa amefiwa ama anaoa.”

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, maana kejeli hiyo ilikuwa na utamu wake. Ila nilipofika nyumbani nilijikuta nimekereka kwa mambo mawili. La kwanza ni neno lenyewe, ‘renji’. La pili, na zito zaidi, ni hukumu iliyojificha ndani ya neno hilo.

Tuanze na neno. Katika kipindi kilichofuata niliwauliza wanafunzi tunawezaje kulisema jambo hilo kwa Kiswahili. Mmoja akapendekeza ‘upana’. Mwingine akasema ‘mawanda’. Wa tatu, mpenzi wa ushairi, akaleta ‘upeo’. Yote ni maneno mazuri, lakini yana kasoro moja: yanatufanya tumhesabie mwigizaji hisia kama mwenye duka anavyohesabu bidhaa zilizo kwenye rafu. Huyu analia, anacheka, anafoka, anatongoza: nne. Yule anajua kunyamaza tu: moja. Basi wa kwanza ameshinda!

Mimi nimelipendelea neno ‘masafa’. Masafa ni umbali baina ya pale mtu alipoanzia na pale alipofika. Sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa maana ya mbio za masafa marefu. Tunajua kwamba anayefyatuka kama risasi katika mzunguko wa kwanza mara nyingi siye tunayemwona akikata utepe. Tunajua pia kwamba bingwa anaweza kukimbia kilomita 40 uso wake ukiwa umetulia tuli, ilhali miguu inafanya kazi ya kutisha. Swali basi si mwigizaji ana nyuso ngapi. Swali ni: alimtoa wapi mhusika wake, akamfikisha wapi, na je, njiani tuliendelea kuamini kwamba ni mtu yule yule?

Kwa kipimo hiki, ‘Game of Thrones’ ni shamba lenye rutuba. Kituo cha HBO cha Marekani kilianza kuionyesha Aprili 2011, ikamalizika Mei 2019: misimu 8, vipindi 73, tuzo za Emmy 59. Chimbuko lake ni riwaya za George R. R. Martin. Ni ulimwengu wa fantasia wenye majoka yatemayo moto, wafu wanaotembea, na makabaila wanaouana kwa ajili ya kiti cha enzi kilichofuliwa kwa panga.

Fantasia ina mtego wake kwa mwigizaji. Anayeigiza mwalimu au makanga amewaona walimu na makanga. Lakini ni nani amewahi kuona joka? Emilia Clarke, aliyeigiza malkia Daenerys, alirekodiwa akiwa juu ya mtambo uliotikiswa huku na kule mbele ya pazia la kijani, joka likaja kuongezwa baadaye kwa kompyuta. Asipoamini yeye kwanza, sisi hatuamini ng’o! Fanani wa ngano zetu analijua vizuri jambo hili. Zimwi la ngano halina maleba wala kompyuta. Lina sauti ya bibi na macho yake tu, jikoni, usiku.

Ndugu wawili

Peter Dinklage aliigiza Tyrion Lannister, mwana wa kabaila tajiri ambaye babake anamdharau kwa sababu ya kimo chake. Dinklage ni mzaliwa wa New Jersey, Marekani, kwa hivyo kazi ya kwanza ilikuwa kuivaa lafudhi ya Uingereza kwa misimu yote 8. Alishinda Emmy mara 4: mwaka 2011, 2015, 2018 na 2019. Kilele chake, kwa maoni yangu, ni kesi iliyo katika kipindi cha 6 cha msimu wa 4 (2014). Tyrion amesingiziwa kumuua mpwa wake, mfalme. Mwanamke aliyempenda anasimama kutoa ushahidi dhidi yake.

Mpaka hapo tulikuwa tumemzoea kama mtu wa kejeli, mtu ambaye ulimi ndio upanga wake. Sasa sauti inakwama, kisha chuki ya maisha mazima inamwagika mbele ya wale wale waliomcheka. Wengi husifia ukali wa sauti yake. Kinachonivutia mimi ni kwamba ile kejeli haijaondoka. Imegeuka sumu. Tungali na Tyrion yule yule, lakini amefika mahali ambapo hatukuwahi kumwona. Hayo ndiyo masafa.

Dadake Tyrion, Cersei, aliigizwa na Lena Headey. Huyu aliteuliwa kuwania Emmy mara 5 na hakushinda hata moja. Tazama kipindi cha mwisho cha msimu wa 5 (2015). Malkia ananyolewa nywele, anavuliwa nguo zote na kutembezwa mitaani kama adhabu, huku mtawa akimfuata nyuma akipiga kengele na kutangaza aibu yake. Mandhari hayo yalirekodiwa katika mji wa Dubrovnik, Croatia. Mwili tunaouona haukuwa wa Headey. Ulikuwa wa mwigizaji mbadala, na uso wa Headey ukaunganishwa nao kwa kompyuta.

Wapo waliosema huo ni udanganyifu. Mimi naona kinyume. Headey aliachiwa sehemu ya kutoka shingoni kwenda juu, basi, na kwa sehemu hiyo akaturusha kutoka ikulu hadi jaani. Anaanza kidevu kikiwa juu, kama mtu anayehesabu hatua na kuziweka akiba kwa siku ya kulipiza kisasi. Matope yanarushwa, mate yanatemwa. Kidevu kinaanza kutetemeka. Anapofika lango la kasri, aliyebaki ni mtoto aliyepotea sokoni.

Sasa ruka hadi kipindi cha mwisho cha msimu wa 6 (2016). Cersei amesimama dirishani na gilasi ya divai, akitazama hekalu lililojaa maadui zake likilipuka. Hasemi neno. Pembe za midomo zinasogea kidogo tu, kisha anakunywa. Kile kidevu kimerudi mahali pake, ila sasa hakina mtu nyuma yake. Jaribu ule mtihani wa mwanafunzi wangu: zima sauti. Utaelewa kila kitu.

Wembe shingoni

Hata hivyo, ukiniuliza nani alisafiri mbali kuliko wote, sitamtaja Dinklage wala Headey. Nitamtaja Alfie Allen. Aliigiza Theon Greyjoy, kijana mwenye majivuno, mcheka ovyo, anayejipendekeza kwa kila mtu na kuwasaliti waliomlea. Anatekwa na Ramsay Bolton, mtesi ambaye Iwan Rheon alimwigiza kwa tabasamu la kutia baridi. Ramsay anamkata viungo, anamnyang’anya hata jina lake na kumpachika jingine la kudhalilisha.

Katika kipindi cha 2 cha msimu wa 4 (2014), Theon anaamrishwa amnyoe Ramsay ndevu. Wembe uko shingoni mwa adui. Ramsay, kwa makusudi, anampasha habari kwamba Robb Stark, aliyelelewa naye kama ndugu, ameuawa. Mkono unasita. Kwa muda mfupi sana macho ya Allen yanarudi kuwa ya Theon wa zamani. Unaona hesabu ikipigwa mle ndani. Halafu macho yanazima kama taa ya koroboi iliyoisha mafuta, na mkono unaendelea kunyoa.

Hakuna kilio hapo wala hotuba. Allen ameigiza watu wawili waliomo katika mwili mmoja, kisha akamwonyesha mmoja akimzika mwenzake. Na si kwamba aliishia hapo. Katika misimu iliyofuata alimrudisha Theon hatua kwa hatua, mabega yakinyooka kidogo kidogo, lakini bila kuyarejesha yale majivuno ya awali. Mtu aliyevunjika akaungwa hawi kama ambaye hakuwahi kuvunjika. Allen alilikumbuka hilo hadi kifo cha Theon katika msimu wa 8.

Nitaongeza jambo moja la kutafakari. Mwaka 2019 kituo hakikuliwasilisha jina lake kuwania Emmy, wala majina ya wenzake Gwendoline Christie na Carice van Houten. Walijiwasilisha wenyewe. Wote watatu wakateuliwa.

Malkia na mkalimani wake

Kwa kuwa huu ni ukumbi wa lugha, siwezi kumpita Emilia Clarke hivi hivi. Mwanaisimu David J. Peterson aliundiwa nafasi ambayo wengi wetu tungeitamani: kuzitunga lugha za Kidothraki na Kivalyria, pamoja na sarufi na msamiati wake, akianzia kwenye maneno machache yaliyomo katika riwaya. Clarke alipaswa kuigiza katika lugha ambazo hakuna mtu duniani aliyezinyonya kwa mamake.

Mfano bora umo katika vipindi vinne vya kwanza vya msimu wa 3 (2013). Daenerys amekwenda kununua jeshi la watumwa. Mwenye kuwauza anamtukana usoni kwa lugha yake, akidhani mgeni haelewi. Mkalimani Missandei, aliyeigizwa na Nathalie Emmanuel, anayalainisha matusi na kuyageuza maneno ya heshima. Kila mkalimani aliyewahi kufanya kazi baina ya mkubwa mwenye hasira na mgeni wake ataitambua ile pumzi fupi anayoivuta Emmanuel kabla ya kutafsiri.

Baadaye tunang’amua kwamba Daenerys alikuwa akielewa kila neno. Kivalyria ni lugha yake ya mama! Ukirudi kuvitazama vipindi vya mwanzo ukiwa na habari hiyo, utaona alichokifanya Clarke. Aliigiza mtu anayeigiza. Kope haipepesi tusi linapotua, na macho yanamgeukia mkalimani kwa kuchelewa kidogo tu, kama ya mtu anayesubiri maana. Wanaodai kwamba Clarke ana uso wa barafu wavitazame tena vipindi hivyo.

Kuna jambo jingine. Mwaka 2019 Clarke alisimulia katika jarida la The New Yorker kwamba mapema 2011, muda mfupi baada ya kumaliza kurekodi msimu wa kwanza, alivuja damu ubongoni. Baada ya upasuaji alipoteza lugha kwa siku kadhaa, hata jina lake kamili likamshinda kutamka. Mwaka 2013 alifanyiwa upasuaji mwingine. Simsifu kwa sababu ya huruma. Najiuliza tu: mtu aliyewahi kupoteza jina lake, kisha akarudi kazini kuhutubia majeshi kwa lugha ya kubuni, tunampimia wapi masafa yake?

Neno moja

Upande wa pili wa mizani yuko Kristian Nairn wa Ireland ya Kaskazini, aliyeigiza Hodor, jitu pole ambalo hutamka neno moja tu: jina lake. Sikio la Mswahili husikia kitu kama ‘hodi’ ndani yake, na ingawa hayo ni maneno yasiyo na undugu wowote, sadfa hiyo inashangaza. Katika kipindi cha 5 cha msimu wa 6 (2016) tunabaini kwamba jina hilo ni mabaki ya amri ya kushikilia mlango, iliyosagikasagika kinywani mwa mtoto aliyepandwa na kifafa.

Tunawafundisha wanafunzi kwamba kiimbo hubeba maana. Nairn ni somo kamili. Neno ni lile lile, lakini mara ni swali, mara ni hofu, mara ni furaha ya kupewa chakula. Mlango ukishikiliwa, neno lile lile linakuwa buriani. Ukihesabu bidhaa kwenye rafu, Nairn ana moja. Ukipima safari, ni habari nyingine.

Turudi kwa Jon Snow

Je, mwanafunzi wangu alikosea? Nusu. Jon Snow amelelewa akiambiwa ni mwana wa nje ya ndoa, mtu wa kukaa mwisho wa meza. Akiwa kijana anakula kiapo cha kutooa, kutomiliki ardhi na kutotafuta sifa. Mhusika wa aina hii amefunzwa kujizuia tangu utotoni. Mwigizaji anayemfanya alie na kucheka katika kila kipindi atakuwa ameigiza mtu mwingine.

Tazama kipindi cha 9 cha msimu wa 4 (2014). Vita vimepamba moto. Jon anageuka na kumwona Ygritte, mwanamke aliyempenda na kumtoroka, amemlenga kwa mshale. Harington anatabasamu. Ni tabasamu la mtu aliyefurahi kumwona mpenzi wake kabla ya kukumbuka kwamba amekuja kumuua. Mshale wa mtu mwingine unamwangusha Ygritte kutoka nyuma. Tabasamu lile lingekuwa na thamani gani kama Harington angetugawia matabasamu bure misimu mitatu yote iliyotangulia?

Lakini nusu ya pili ya hukumu ya mwanafunzi ninaikubali. Jon anauawa mwishoni mwa msimu wa 5 na kufufuliwa katika msimu wa 6. Anapoamka, Harington anatupa hofu ya kweli, pumzi za mtu aliyezama majini. Nilitarajia hofu hiyo iache alama, kama mateso yalivyoacha alama kwa Theon. Haikuacha. Baada ya vipindi vichache tukawa tumerudishiwa Jon wa zamani, kana kwamba kufa ni mafua. Hapo masafa ya Harington ni mafupi kuliko ya Allen, na sioni haya kulisema.

Hata hivyo, lawama hiyo haimwangukii mwigizaji peke yake. Misimu 6 ya kwanza ilikuwa na vipindi 10 kila mmoja. Wa 7 ukawa na 7, wa 8 ukawa na 6. Wakati huo waandishi walikuwa wamezipita riwaya za Martin na kulazimika kujitafutia njia. Dinklage, bingwa wa ulimi, akapewa maneno machache yenye makali. Clarke akapewa kipindi cha 5 cha msimu wa 8, ambamo kengele za kusalimu amri zinalia na malkia, akiwa juu ya joka, anaamua kuuchoma mji ulioshindwa tayari. Mtazame usoni: taya, pumzi, machozi, vyote vipo. Kilichokosekana ni barabara ya kumfikisha pale. Ni kama kumwambia mwanariadha wa marathoni amalizie mbio kwa teksi, kisha tumlaumu kwamba hatukumwona akikimbia.

Kisa changu

Nimechelewa kukiri, lakini nitakiri. Miaka mingi iliyopita niliketi katika meza ya waamuzi wa tamasha za drama za shule. Msichana mmoja aliigiza mama aliyeletewa habari za kifo cha mwanawe. Hakupiga mayowe. Alikuwa akikunja sare ya shule ya mtoto, na habari zilipofika, akaendelea kukunja. Akaikunjua, akaikunja upya. Niliandika kwenye karatasi: “Hakuonyesha hisia.” Tuzo tukampa aliyejigaragaza sakafuni hadi maikrofoni ikaanguka.

Nilikuwa kijana mwenye shahada mpya, nikidhani uigizaji hupimwa kwa desibeli. Hadi leo naikumbuka ile sare, lakini yule aliyejigaragaza sikumbuki hata alikuwa analilia nini. Na nikitazama tamthilia nyingi tunazoonyeshwa jioni, ambamo mke hawezi kusikitika bila kuvunja sahani, najiuliza kama sisi waamuzi wa zamani hatukuchangia. Vijana hujifunza kile wanachotuzwa.

Ndiyo maana naomba tulitumie neno ‘masafa’ tunapowajadili waigizaji, wa kwetu na wa ng’ambo. Tumuulize mwigizaji alianzia wapi na alifika wapi. Tumuulize mwandishi kama alimpa njia. Halafu ndipo tutoe alama.

Wiki iliyopita yule mwanafunzi alinifuata kwenye korido. Alikuwa amevirudia vipindi nilivyomtajia, sauti ikiwa imezimwa.

“Prof, bado nasema Kit Harington hamfikii Alfie Allen,” akaniambia.

Nikamwambia tuko pamoja.

“Lakini lile tabasamu,” akaongeza, “mara ya kwanza sikuliona kabisa.”